Kadi ya Vidole Kumi

12 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Huku mimi sijambo, ila baridi ya chumba changu imeamua kuhamia magotini. Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie dawa ya mguu nimeshampatia, natafuta mtu wa kuileta. Na ile sketi ya mwalimu mkuu uliyoikata fupi kwa bahati mbaya, iliishaje? Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu kwenye ngazi mpaka jirani akafungua mlango kuchungulia.

Bado niko kwenye mashuka ya hospitali. Yanateremshwa kutoka wodini, sisi wa chini tunayapokea, tunayafua, tunayapitisha kwenye mashine ya kupigia pasi. Ukishazoea damu ya watu usiowajua, kazi yenyewe si mbaya.

Sasa habari yenyewe. Ombi langu la uraia limepokelewa, wifi! Likipita, mume wangu, huyo mdogo wako, anakuja kuishi na mimi, kwa haki kabisa, si kwa kumbembeleza mtu. Hata kazi nimeshamtafutia. Hospitali yetu ina karakana ya kutengeneza vitanda, makabati na milango, na seremala wao mmoja amestaafu. Lakini wanataka alama za vidole za wote wawili, mke na mume. Mimi nimeshachukuliwa zangu. Chumba kidogo, meza ya chuma, mama mmoja mwenye miwani akanishika mkono kama anayenivisha pete. Nikawa najitahidi kubonyeza mwenyewe, akanigombeza: "Legeza mkono. Usinisaidie. Ukinisaidia unaharibu." Akaichana kadi, tukaanza upya.

Za mume wangu zinaweza kuchukuliwa hukohuko. Kadi nimeiweka humu, usiikunje. Aende nayo kituo cha polisi, apigwe wino vidole vyote, askari atie sahihi na muhuri, kisha unirudishie kabla ya mwisho wa Aprili. Mwambie asiwasaidie.

Jambo moja tu linanisumbua. Najua yeye na kalamu hawajawahi kupatana, ndiyo maana tangu niondoke unamwandikia na kumsomea wewe. Lakini barua mbili za mwisho hazina hata ile pembetatu yake ya penseli, ile alama ya useremala anayoichora kwenye uso mzuri wa ubao. Nimezoea kuiona chini ya karatasi. Au amenichoka?

Wifi yako wa mashuka


20 Februari

Wifi yangu wa mashuka,

Barua yako imefika, na kadi imefika bila mkunjo. Mama anasema marahaba, na anasema dawa ije na mwenye kuituma. Mguu umevimba tena. Sketi ya mwalimu mkuu niliiongezea pindo la rangi nyingine nikamwambia ndio mtindo mpya. Sasa walimu watatu wanaitaka hivyohivyo, na mimi sina uso wa kuwaambia ilivyoanza.

Mdogo wangu hajambo. Kazi zimemzidi, anarudi amechoka, ndiyo maana alama inasahaulika. Usianze kuwaza mambo ya kuchokwa. Mume anayemuwaza mkewe kama yeye mimi sijamwona.

Kituoni tutakwenda. Askari wa alama za vidole namjua, sare zake nashona mimi. Ila nina swali, na ni langu, si lake. Hao watu wa huko wanataka mtu wa namna gani? Yaani wakiona mume wa mtu ana kasoro kidogo mwilini, tuseme mguu kama wa Mama, wanamrudisha? Nauliza tu, maana watu hapa wanasema mengi.

Wifi yako, fundi


15 Machi

Wifi yangu mwenye mitindo,

Shikamoo kwa Mama. Nilipopiga simu dukani nashukuru mlimwita. Mume wangu alikuja, akasema "nipo", akasema "vizuri", akasema "nimesikia". Sauti ilikuwa yake ila kama ya mtu anayeongea huku anafanya kitu kingine. Nikadhani ni laini mbovu, au ni mwenye duka amesimama anasikiliza kama kawaida yake.

Swali lako limenichekesha. Kasoro gani tena? Au unataka kunibadilishia mume njiani? Hawa wanataka mtu mzima, wifi, mzima kabisa. Msimamizi wa karakana ameniambia wazi anataka mikono miwili imara. Nikamjibu kwamba ya mume wangu inabeba kabati la milango mitatu bila kuomba msaada. Kwa hiyo mwambie alete mikono yake tu, mengine yote yako hapa.

Nimemtumia zawadi, itakuja katika kifurushi na dawa ya Mama. Glavu za kazi, za ngozi, ndani zina sufu. Nilipima kwa kumbukumbu. Nilimwomba muuzaji anyooshe mkono, nikaulinganisha na ule niujuao, nikasema chukua kubwa zaidi.

Aprili si mbali. Msimwachie mambo ya "kesho, kesho".

Wifi yako wa mashuka


11 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Salamu kwanza. Hapa mvua zimeanza, paa la chumba cha cherehani linavuja palepale pa mwaka jana, nimehamisha meza. Dawa imefika, Mama anatembea hadi mlangoni na kurudi, na anakuombea dua kwa sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia.

Kadi hii hapa. Vidole kumi, sahihi, muhuri. Askari alimshika mkono taratibu, kimoja kimoja, akaanzia dole gumba la kulia. Mdogo wangu alilegeza kama ulivyoagiza, hakusaidia hata kidogo. Wino uligoma kutoka, tukasugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma. Sasa yamekwisha, wifi. Usiniulize tena habari za kadi.

Glavu zimefika pia. Zimemkaa sawasawa.

Alama yake hiyo hapo chini, uridhike.

Wifi yako, fundi


2 Juni

Wifi yangu, fundi wa mafundi,

Mpe Mama shikamoo na umwambie dua zake zimefika hata huku. Kadi imekubaliwa! Karani aliisifu, alisema alama zimetoka safi, mara nyingi za kutoka nje huja zimechafuka. Nilitoka mle ofisini sigusi chini. Nimenunua kiti cha pili. Chumba ni kidogo, kwa hiyo kiti kinakaa juu ya meza mpaka mwenyewe afike.

Kimebaki kitu kimoja. Ataitwa kwenye ubalozi wao huko kwenu, ajibu maswali machache, waone kwamba mwenye vidole ndiye yeye. Barua ya wito itakuja kwa jina lake. Aende peke yake, wewe usimsindikize, maana najua utamjibia.

Tena nilitaka kukutania. Ile pembetatu yake siku zote inaegemea upande, huwa anaichora huku anatembea. Hii ya safari hii imesimama wima kama ya mtoto wa shule. Ni yeye kweli, au ni wewe? Ukianza kumwekea hata alama, mwisho utamvalia na suruali.

Wifi yako wa mashuka


3 Julai

Wifi,

Hatujambo. Mama amelala. Naandika haraka kwa sababu posta wanafunga.

Huo wito hauwezi kuahirishwa? Mdogo wangu ana homa, inakuja na kuondoka. Au wamalizie kwa karatasi tu, si alama wanazo? Waambie mumeo ni mtu wa haya, hajui kuongea na wakubwa. Waambie lolote. Barua yao ikija nitaipokea mimi na kuiweka mpaka apate nafuu.

Usinidhanie vibaya. Nakuomba tu, mwaka huu tuupeleke polepole.

Fundi


30 Agosti

Wifi,

Mpe Mama shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Niliitwa ofisini Alhamisi. Nilivaa lile gauni la kijani ulilonishonea, kwa sababu nilijua nakwenda kupewa jibu. Nilikaa kwenye viti vya plastiki mpaka namba yangu ikaitwa, nikaingizwa chumba cha ndani ambacho sikuwahi kukiona. Afisa alikuwa kijana, mpole, ana mafua. Akaniuliza: "Mume wako ana vidole vingapi vya mikono?"

Nikacheka, wifi. Nilidhani ni yale maswali ya kupima kama ndoa ni ya kweli, kama rangi ya mswaki wa mwenzako. Nikasema, "Kumi, kama watu wote." Akaandika. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema mikono ile naijua kuliko yangu. Akaandika na hilo, akanipa karatasi nitie sahihi, nikatia.

Ndipo akaweka picha mezani. Ni mkono wa kulia umelazwa juu ya meza ya watu, kiganja juu. Kuna dole gumba na kuna kidole cha mwisho. Katikati hakuna kitu, kuna ngozi tu iliyopona, inang'aa. Nikataka kusema si yeye. Lakini chini ya dole gumba niliona lile kovu la patasi, jeraha nililomfunga kitambaa mwenyewe mwaka tuliooana. Pembeni ya picha akaweka kadi mliyonitumia, vidole kumi, safi.

Akaniuliza ni vya nani. Nikavitazama. Kidole cha shahada cha kushoto kina vitobo vya sindano, ncha nzima imejaa. Mtu hahitaji kusomea upelelezi. Nikamwambia sijui.

Kisha akaigeuza kadi. Nyuma kuna maelezo ya maandishi madogo. Mimi sikuyasoma, nilikuwa na haraka ya kukutumia. Akanionyesha mstari mmoja, akanisomea polepole kama anayemsomea mgonjwa: kidole kisichokuwepo, andika "hakipo" ndani ya kisanduku chake. Basi. Ni hilo tu. Anasema wanapokea kadi za namna hiyo kila mara, za wakulima, za wanajeshi, za watu waliozaliwa hivyo, na hakuna anayekataliwa kwa ajili hiyo.

Na yule msimamizi wa karakana hakuwahi kuniambia habari za mikono imara. Aliniuliza kama mume wangu huwahi kazini. Mengine nilitia chumvi mimi, nimsifie mdogo wako, nawe ufurahi.

Ombi limefutwa kwa udanganyifu. Sina ruhusa ya kuomba tena, na yeye hawatampokea kamwe. Kibali changu kinaisha Desemba na hawataongeza. Nitarudi. Kiti nimempa jirani.

Sikupiga simu kwa sababu dukani kila mtu ana masikio. Nina hasira, wifi, na sijui niiweke wapi. Kwako ipo, kwake ipo, na nyingine ni yangu mwenyewe. Kumbe pembetatu ilikosekana kwa sababu alikuwa anauguza kidonda, mimi namtumia glavu, na wewe ukaniambia zimemkaa sawasawa.

Msomee barua hii. Yote, usiruke mstari.

Wifi yako


5 Oktoba

Wifi yangu, kama bado nina haki ya kukuita hivyo,

Mama anakusalimu. Hajaelezwa kuhusu ombi, anajua tu kwamba unarudi na amefurahi, ameniagiza nikushonee mapazia. Kuhusu mkono tulimwapisha yeye pia. Ndiyo maana dua zake zilikuwa za sauti kubwa.

Aliumia Novemba. Ubao ulikuwa na fundo, mashine ikaurusha, mkono ukaenda nao. Nilipofika hospitali neno lake la kwanza lilikuwa, "Asijue." Alisema uliolewa na mtu mzima, hataki kuletwa huko kama mzigo. Nikaapa. Kadi yako ilipofika akaniambia niirudishe tupu, nikuandikie kwamba amebadili mawazo, hataki kuja. Hilo lilinishinda. Nilijua unampigania, nikajua na yeye anakufa kwa kukutamani. Nikakuuliza lile swali la kasoro, ukanijibu ulivyonijibu. Sikulaumu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Askari nilimwambia mgonjwa hawezi kutoka kitandani. Aliniamini kwa ajili ya sare, akaniazima kibao cha wino nikampige nyumbani, kisha akatia sahihi na muhuri bila kuuliza. Nilifunga mlango wa chumba cha cherehani, nikaanza na dole gumba la kulia. Niliwaza kwamba mikono hii ndiyo iliyomwogesha tangu mdogo, ndiyo inayoandika barua zake, kwa hiyo si mikono ya mtu baki. Ndivyo nilivyojidanganya. Askari yule sasa amesimamishwa kazi. Sare yake ya mwisho nimeimaliza, inaning'inia hapa mlangoni, hajaja kuichukua na mimi naogopa kuipeleka.

Mdogo wangu hakujua kwamba kadi nimeijaza, alidhani imerudi tupu. Kilichombadilisha ni glavu zako. Alikaa nazo siku nyingi. Ya kushoto aliivaa, ya kulia aliishika tu. Halafu akaniambia mke wake anastahili ukweli. Nilipoificha barua ya wito, wakaleta ya pili, akapewa mwenyewe mkononi, akasomewa na mwenye duka. Akaenda ubalozini peke yake kwa shati jeupe, akauweka mkono mezani ulivyo, kabla hata ya kuulizwa. Alitaka wamwone kwanza, kisha akuandikie. Wakamwonyesha kadi yenye jina lake na vidole kumi. Wakamuuliza ni vya nani. Naye alisema hajui.

Mmenisitiri wote wawili, kila mtu kwake, bila kuambizana. Hilo nalibeba.

Barua yako nilimsomea mchana, amekaa kizingitini. Nilisoma habari ya picha. Nilisoma kovu la patasi, akainama. Nilipofika pale afisa alipoigeuza kadi nikakohoa, nikaruka. Nikaruka na ya msimamizi, nikaenda moja kwa moja kwenye kibali chako. Wifi, ulinikataza kwa maneno ya wazi, na mimi nikaruka.

Aliinuka kizingitini. Kisha akanishika bega kwa mkono uleule, akasema, "Usilie, dada. Wasingenichukua hata hivyo. Wewe ulijaribu."

Nikaupokea msamaha ule. Nilikula nao, nikashona nao, tukaishi nao vizuri. Alianza hata kutania, akaniomba nimshonee glavu ya vidole viwili. Mama alikuwa anacheka chumbani. Na kila alipocheka yeye, mimi niliitazama bahasha yako.

Jana niliichukua barua nikamsomea pale nilipokuwa nimeruka. Nikasoma ule mstari wa "hakipo". Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Yaani ningeandika tu?"

Nikasema, "Tungeandika tu."

"Na wangenichukua hivihivi?"

Nikasema ndivyo afisa alivyosema.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Aliingia ndani akakusanya nguo zake kwa mkono wa kushoto, akazitia kwenye begi. Zipu ya begi lile inataka mikono miwili, ilimshinda, nikainama kumfungia. Akasema, "Usinisaidie." Yale maneno ya mama wa miwani sikuwahi kumsomea. Huwa naruka mengi kuliko unavyojua.

Amehamia kwenye karakana yake ya zamani, analala kati ya mbao. Begi aliondoka nalo likiwa wazi. Amesema kuanzia sasa barua zako atasomewa na mwenye duka, na majibu ataandikiwa na huyohuyo. Nilimwambia mtu yule ataijua siri ya nyumba nzima. Akasema, afadhali.

Kabla hajatoka nilimwekea karatasi hii mezani, ikiwa bado tupu, nikamwomba aweke alama ujue kwamba ameyasikia yote. Nilidhani atakataa. Ameiweka, kwa mkono wa kushoto, huku amesimama. Haijanyooka, na penseli imetoboa karatasi. Ndiyo hiyo chini. Nimebana mwandiko nisiiguse.